Stellenbosch au Franschhoek: Kuchagua Bonde la Mizabibu Majira ya Majani Kupukutika

Mtu anayepanga kuyatembelea mashamba ya mizabibu ya Afrika Kusini kati ya Machi na Mei hukabiliwa mapema na swali moja: akiwa na siku chache tu mkononi, aelekee Stellenbosch au Franschhoek? Miji hii miwili ya jimbo la Western Cape imeachana kwa takriban kilomita 30, na inaunganishwa na barabara inayopanda mlima wa Helshoogte kisha kushuka upande wa pili. Yote miwili imezungukwa na mizabibu na milima ya majabali ya kijivu, yote ina nyumba nyeupe za kale zenye mapaa ya nyasi, na picha zake zikichanganywa mezani si rahisi kuzitenganisha. Hata hivyo, ziara zenyewe zinatofautiana sana, na tofauti hiyo huonekana zaidi katika majira haya kuliko wakati mwingine wowote wa mwaka, kwa sababu huu ndio wakati ambao shamba linatoka katika pilikapilika za mavuno na kuingia katika mapumziko. Maoni yangu ni kwamba anayefika Machi au siku za mwanzo za Aprili aipe Stellenbosch nafasi ya kwanza, na kwamba anayefika mwishoni mwa Aprili au Mei, hasa ikiwa hataki kushika usukani, Franschhoek itamfaa zaidi.

Majira mawili ndani ya moja

Wanaoyafahamu mashamba ya Dodoma wamezoea mzabibu unaopogolewa ili uzae mara mbili kwa mwaka, kwa kuwa hakuna baridi ya kuulaza. Mzabibu wa Rasi, yaani wa eneo hili la Cape, huzaa mara moja tu. Mavuno huanza Januari kwa zabibu za mvinyo wa mapovu, ambazo huchumwa mapema zikiwa bado na uchachu mwingi. Hufuatiwa na zabibu nyingi za mvinyo mweupe mwezi Februari. Na huhitimishwa Machi, pengine hadi Aprili, kwa zabibu nyekundu zinazochelewa kuiva, Cabernet Sauvignon ikiwa miongoni mwa zile za mwisho kabisa. Baada ya hapo majani yanabaki kwenye mti kwa wiki kadhaa, yakiendelea kuuwekea mzizi na shina akiba ya chakula, kisha hubadilika rangi na kupukutika kadiri baridi inavyokaribia.

Kwa hiyo, anayesema anakwenda huko majira ya majani kupukutika anapaswa kujiuliza ni nusu ipi anayoikusudia. Machi bado ni mwezi wa joto na jua, upepo mkali wa kusini-mashariki unaovuma kiangazi umeanza kutulia, na jua huzama karibu na saa moja jioni. Mvua za eneo hili ni za kipupwe, zikiletwa na baridi itokayo Bahari ya Atlantiki, na kwa kawaida huanza kuonekana mwishoni mwa Aprili na kuzidi mwezi Mei. Kufikia katikati ya Mei jua huzama kabla ya saa kumi na mbili, na asubuhi huwa na ukungu na baridi inayodai koti la kweli. Msafiri atokaye karibu na ikweta, ambako urefu wa mchana haubadiliki sana, mara nyingi hupanga mashamba manne au matano kwa siku bila kuzingatia jambo hilo, ilhali vyumba vingi vya kuonjea mvinyo hufungwa saa kumi au saa kumi na moja jioni. Matatu yanatosha, na mawili yakitembelewa kwa utulivu humfundisha mtu zaidi.

Bei na msongamano navyo hufuata mgawanyiko huohuo. Machi bado wageni wa Ulaya ni wengi na malazi ni ghali katika miji yote miwili, na wikiendi ya Pasaka hujaa kuliko zote. Aprili 27 na Mei 1 ni sikukuu za kitaifa, na wenyeji wa Cape Town huzitumia kutoka mjini. Zikipita hizo, bei za vyumba na za chakula hushuka, na mhudumu anayekumiminia mvinyo anapata muda wa kuzungumza nawe.

Kazi ya shamba inaonekana zaidi Stellenbosch

Stellenbosch, iliyoanzishwa na Simon van der Stel mwaka 1679, ni mji wa chuo kikuu na wa viwanda vya mvinyo kwa pamoja. Ni hapa ambapo Afrika Kusini ilianzisha njia yake ya kwanza ya kuwakaribisha wageni mashambani, mwaka 1971, na leo mashamba yanayopokea wageni yanazidi 100, yakiwa yametawanyika katika mabonde na miteremko inayoelekea pande mbalimbali. Ukubwa huo ndio nguvu yake na ndio usumbufu wake. Miteremko ya Simonsberg na Helderberg ina udongo uliotokana na graniti iliyomomonyoka, unaohifadhi maji vizuri. Sehemu za kusini hupata upepo wa baridi kutoka ghuba ya False Bay. Na tofauti hizo zinaonjeka katika mvinyo wa aina moja ya zabibu uliotoka mashamba yaliyoachana kwa mwendo wa dakika 15.

Sababu ya kuipendelea Stellenbosch mwezi Machi ni hiyo Cabernet Sauvignon, iliyotapakaa huko kuliko zabibu nyingine na iliyoupa mji sifa. Kwa kuwa inaiva kwa kuchelewa, mgeni wa Machi bado huwakuta wavunaji wakiingia shambani alfajiri kabla jua halijapanda, wakikata vichala kwa mikasi midogo na kuvijaza kwenye makreti, na trekta likiyapeleka kiwandani zabibu zingali na ubaridi wa usiku. Kiwandani ndipo penye mengi ya kuona. Zabibu nyekundu zikishapondwa huachwa zichachuke pamoja na maganda yake, kwa sababu rangi ya mvinyo na ule ukakasi unaokausha ulimi hutoka kwenye ganda, wala si kwenye maji ya ndani. Gesi inayozalishwa huyasukuma maganda juu hadi yanakuwa tabaka nene linaloweza kukauka na kuharibika, hivyo usiku na mchana lazima lizamishwe tena. Katika shamba la Kanonkop, kwenye mteremko wa Simonsberg, kazi hii hufanywa kwa mikono juu ya matangi ya saruji yaliyo wazi: mfanyakazi husimama ukingoni na mti mrefu wenye kibao mwishoni, huukandamiza kwenye tabaka lile kwa uzito wa mwili wake wote, na maji mekundu yenye povu la zambarau hupenya na kulifunika. Harufu yake ni ya hamira, matunda yaliyoiva mno na kitu kikali kinachopanda puani. Anayeiona kazi hiyo haulizi tena kwa nini mvinyo mwekundu wa shamba fulani una bei ile.

Hapo pia ndipo mahali pa kuionja Pinotage, zabibu iliyozaliwa Stellenbosch kwenyewe. Mwaka 1925 Profesa Abraham Izak Perold aliipandisha Pinot Noir na Cinsaut, ambayo wakati huo huko iliitwa Hermitage, akapata mbegu nne tu, na mizabibu yote ya Pinotage iliyopo duniani imetokana na mbegu hizo. Chupa ya kwanza kuuzwa ikiwa na jina hilo ilitoka mwaka 1961. Wapo wanaoidharau kwa sababu ikitengenezwa vibaya huwa na harufu kama ya rangi ya ukutani. Namshauri msomaji aionje mahali inapotengenezwa kwa uangalifu, kisha aamue mwenyewe.

Franschhoek hupata nini katika mavuno? Hupata mengi, lakini kwa wakati mwingine. Sehemu kubwa ya sifa zake imejengwa juu ya mvinyo wa mapovu na zabibu nyeupe za Chardonnay na Semillon, na zabibu za aina hizo huwa zimeshaingia kiwandani kabla Machi haijafika katikati. Wapo wanaolima zabibu nyekundu pia, na baadhi ya mvinyo wao ni bora sana, ila mgeni aliyekuja mahsusi kuona mavuno anaweza kukuta matangi yameshafungwa na mpira wa maji umeshaanikwa.

Rangi za majani, na zinavyosomeka

Hapa Franschhoek inapanda juu. Bonde lake ni jembamba, limefungwa na milima pande tatu, na mtu akipanda barabara ya Franschhoek Pass hadi kwenye maegesho ya juu analiona lote kwa mara moja: viraka vya manjano, vya kutu na vya wekundu uliokolea, mashamba yakipakana hadi kwenye miguu ya milima. Stellenbosch haina mahali pamoja pa kuuona mji na mizabibu yake yote namna hiyo. Badala yake ina mialoni, iliyopandwa kando ya mitaa tangu karne ya 17, na mwezi Mei mitaa kama Dorp Street hufunikwa na majani ya kahawia yanayokatika chini ya viatu. Wakati mzuri wa rangi katika mabonde yote mawili ni kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi katikati ya Mei, ingawa kipupwe kikiwahi kwa upepo na mvua, siku tatu zinatosha kuyaangusha yote.

Kuna jambo ambalo wageni wengi hawaelezwi. Jani la mzabibu wenye afya, hata wa zabibu nyekundu, mara nyingi hugeuka manjano au kahawia kwa upole, ingawa aina kadhaa huwa na wekundu wake wa asili. Ule wekundu mkali unaopigwa picha kuliko yote kwa kawaida ni alama ya ugonjwa. Liangalie jani kwa karibu: ukiona ngozi yake ni nyekundu kama divai huku mishipa imebaki kijani, na kingo zimejikunja kuelekea chini, huo ni mzabibu wenye virusi vya kukunja majani, vinavyoenezwa na vidung'ata na kwa vipando vilivyochukuliwa kwenye mti mgonjwa. Mzabibu huo hauivishi zabibu zake vizuri, na mkulima makini huung'oa. Kwa hiyo shamba linalopendeza zaidi kwenye picha linaweza kuwa ndilo linalomnyima usingizi mwenye nalo, na mashamba ya Stellenbosch na majirani zake wa Somerset West yamefanya kazi kubwa ya kuing'oa mizabibu ya namna hiyo. Mgeni akiuliza swali hili katika chumba cha kuonjea, kwa adabu, mara nyingi hupata mazungumzo marefu na ya kweli kuliko maelezo yaliyokaririwa.

Usafiri

Kwa wengi, suala hili ndilo linaloamua yote mengine, na ni sawa liamue. Sheria ya Afrika Kusini inaruhusu kiwango kidogo sana cha kilevi kwenye damu ya dereva, chini ya gramu 0.05 kwa mililita 100, na barabara za milimani hazimsamehi aliyechangamka. Ikiwa mpo wengi na hakuna aliye tayari kukaa siku nzima bila kuonja, msitegemee bahati.

Franschhoek imelitatua tatizo hili kuliko mji mwingine wowote wa mvinyo barani Afrika. Tangu mwaka 2012 kuna tramu inayopita kwenye reli ya zamani ya bonde hilo, ikishirikiana na mabasi yanayowafikisha watu kwenye mashamba yaliyo mbali na reli. Abiria hununua tiketi ya siku, huchagua mojawapo ya njia zinazotambulishwa kwa rangi, hushuka shambani, huonja, hula, kisha hupanda gari linalofuata. Kasoro yake ni kwamba unafungwa na ratiba: ukipenda shamba moja kupita kiasi unalipoteza linalofuata, na njia moja haifiki kwenye mashamba yote. Aidha, tramu yenyewe iko wazi pembeni, jambo linalopendeza sana Aprili yenye jua na lisilopendeza hata kidogo siku ya mvua ya Mei. Tiketi za wikiendi huisha mapema, hivyo zinunuliwe kabla ya kusafiri. Mbali na tramu, katikati ya mji kwenyewe panatembeleka kwa miguu, na mtu aliyelala mtaa wa Huguenot Road anaweza kwenda kula na kurudi bila gari lolote.

Stellenbosch haina mfumo unaolingana na huo. Mashamba yake yametapakaa, na chaguo ni kukodi gari lenye dereva kwa siku, kujiunga na ziara ya kikundi, au kuita teksi kwa programu ya simu, ambazo hupatikana kwa urahisi mjini lakini si rahisi kuzipata ukiwa ndani ya bonde jioni. Gari lenye dereva likigawanywa na watu wanne, gharama yake kwa kila mmoja huvumilika, na faida yake ni kwamba mnachagua mashamba kwa akili zenu wenyewe. Kutoka uwanja wa ndege wa Cape Town, Stellenbosch iko karibu zaidi, kama nusu saa barabara zikiwa nyeupe, ilhali Franschhoek huchukua karibu saa nzima. Na kwa mwenye nusu siku tu kabla ya ndege, nisingemshauri aende kokote kati ya hizo mbili. Groot Constantia, shamba lililoanzishwa mwaka 1685 ndani ya vitongoji vya Cape Town, linamtosha.

Kuonja na kula

Katika miji yote miwili, kuonja kunalipiwa, kwa kawaida kati ya mivinyo minne na sita, na mashamba mengi hukusamehe ada ukinunua chupa. Kila meza huwa na chombo cha kutemea, na hakuna mwenyeji atakayekuona mshamba ukikitumia. Wanaoijua kazi hii hutema. Kwa jumla Franschhoek ni ghali zaidi na ina mapambo zaidi, huku Stellenbosch bado ina mashamba ya familia ambako chumba cha kuonjea ni kona ya ghala la mapipa na anayekuhudumia ana udongo kwenye viatu.

Katika chakula Franschhoek inaongoza, na sioni haja ya kulibishia hilo. Mji mdogo namna ile wenye mikahawa ya hali ya juu kiasi kile ni nadra, na Mei ndio mwezi wa kuifaidi kwa kuwa mingi hutoa bei nafuu za kipupwe. Angalizo ni tamasha la vitabu la Franschhoek, linalofanyika mwezi Mei tangu mwaka 2007, ambalo hujaza kila kitanda cha mji. Kwa msomaji wa vitabu hiyo ni sababu ya kwenda, kwa anayetafuta utulivu ni sababu ya kubadili wiki.

Katika mvinyo mweupe pia Franschhoek ina hazina isiyo ya kawaida, nayo ni mizabibu mikongwe ya Semillon. Aina hii ilitawala mashamba ya Rasi katika karne ya 19 kabla ya kung'olewa ili kupisha nyingine, na vipande vichache vilinusurika bondeni humo, kikiwemo cha La Colline kilichopandwa mwaka 1936. Mzabibu wa umri huo huzaa vichala vichache, na mvinyo wake una uzito na utulivu ambao haupatikani kwenye mti mchanga. Chupa nyingi za mizabibu yenye umri wa miaka 35 na zaidi sasa hubandikwa lakiri maalumu inayoonyesha mwaka iliopandwa. Itafuteni, kwa sababu ni miongoni mwa zawadi chache ambazo hazipatikani popote pengine.

Historia ambayo mgeni kutoka Afrika Mashariki ataiuliza

Msomaji wa pwani yetu hawezi kutembea katika nyumba zile nyeupe bila kujiuliza nani alizijenga. Walizijenga watumwa walioletwa Rasi kuanzia katikati ya karne ya 17 kutoka Madagaska, Msumbiji na pwani ya Afrika Mashariki, India na visiwa vya Indonesia, na kengele walizokuwa wakiitiwa kazini bado zimetundikwa kwenye nguzo nyeupe katika mashamba mengi, wageni wakipiga picha mbele yake bila kuambiwa ni kengele za nini. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1834, lakini watu hawakuachiwa kweli hadi Desemba 1, 1838. Hata baada ya hapo, wafanyakazi wa mashamba waliendelea kwa vizazi vingi kulipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo hafifu, utaratibu ulioitwa dop, ulioacha ulevi na maradhi katika familia nyingi muda mrefu baada ya kupigwa marufuku.

Masimulizi ya Franschhoek yameegemea sana Wahugenoti, Waprotestanti wa Ufaransa waliofika mwaka 1688 wakikimbia mateso ya kidini, na mnara wao uliozinduliwa mwaka 1948 umesimama mwisho wa mtaa mkuu. Ni historia ya kweli na ina heshima yake, ila mgeni akiishia hapo atakuwa amesikia upande mmoja. Stellenbosch, kwa kuwa ni mji mkubwa na una makumbusho na chuo kikuu, unampa mtu nafasi zaidi ya kuusikia upande wa pili, ukiwemo mkasa wa wakazi wa mtaa wa Die Vlakte waliohamishwa kwa nguvu baada ya mtaa wao kutangazwa mwaka 1964 kuwa wa wazungu. Ila sehemu mbili zinazonigusa zaidi haziko katikati ya mji wowote kati ya hii miwili. Ya kwanza ni Pniel, kijiji kilicho kwenye barabara ya Helshoogte, kilichoanzishwa mwaka 1843 kama misheni ya watu waliotoka utumwani, na ambacho madereva wengi wa watalii hukipita bila kusimama. Ya pili ni lango la gereza lililoitwa Victor Verster, kwenye barabara ya kutoka Franschhoek kwenda Paarl, alipotoka Nelson Mandela akiwa huru Februari 11, 1990; sanamu yake iko pale nje, mkono umeinuliwa, na mizabibu iko jirani.

Kwa upande wa sasa, anayejali hali ya wafanyakazi atafute kwenye chupa lakiri ya WIETA, taasisi iliyoundwa mwaka 2002 kukagua masharti ya kazi mashambani. Mashamba yenye lakiri hiyo yapo katika mabonde yote mawili.

Kwa asiyekunywa

Mara nyingi msafara wa familia huwa na mtu asiyegusa kilevi, kwa dini au kwa hiari, na ziara ikipangwa vibaya hugeuka adhabu kwake. Franschhoek inamtunza vizuri kwa chakula, kwa safari ya tramu yenyewe, na kwa bustani kubwa ya mboga na matunda ya Babylonstoren, iliyo njiani kuelekea Paarl, ambako Aprili na Mei ni wakati wa maboga, komamanga na matofaa ya mwisho. Mashamba kadhaa huandaa maji ya zabibu kwa watoto yakionjwa kwa utaratibu uleule wa watu wazima.

Lakini Stellenbosch ina vitu viwili ambavyo Franschhoek haina. Shamba la Vergenoegd Löw, upande wa False Bay, lina kundi la bata wembamba wanaotembea wima, zaidi ya elfu moja, wanaotumiwa kula konokono na wadudu wa mizabibu. Hutolewa kwa gwaride mbele ya wageni, wakikimbia kwa pamoja na kugeuka kwa pamoja, na watoto huwapenda kupita maelezo. Na si mbali na hapo, Macassar, kuna kaburi la Sheikh Yusuf, mwanazuoni aliyepelekwa uhamishoni Rasi na Waholanzi mwaka 1694, akawekwa kwenye shamba la Zandvliet mbali na mji ili asiwafikie watu, na ambaye hata hivyo watumwa waliotoroka walimfuata huko wakawa jamii ya Waislamu. Alifariki mwaka 1699. Familia ya Kiislamu inayomsindikiza ndugu au rafiki kwenye mashamba inaweza kuanza siku kwa ziara ya kaburi hilo, kisha ikaendelea na bata na chakula cha mchana.

Namna ya kupanga

Raia wa Tanzania na Kenya hawahitaji viza kwa ziara isiyozidi siku 90, hivyo uamuzi hubaki kuwa wa muda na fedha. Mwenye siku moja ya Machi akodi gari lenye dereva hadi Stellenbosch, aweke miadi ya asubuhi katika shamba moja lenye kiwanda kinachofanya kazi, na aandike mapema akiuliza kama mavuno bado yanaendelea na kama wageni wanaruhusiwa kuingia ndani, kwa kuwa mashamba mengine hufunga kiwanda kwa usalama wakati huo. Mwenye siku moja ya Mei apande tramu ya Franschhoek, achague njia yenye mashamba machache, na awe na koti la mvua.

Mwenye siku mbili au tatu asilazimike kuchagua. Alale Stellenbosch usiku wa kwanza, avuke Helshoogte asubuhi, asimame Pniel, kisha amalizie Franschhoek ambako hatahitaji gari tena hadi siku ya kuondoka. Mpangilio huu ni bora kuliko kinyume chake kwa sababu mashamba ya Stellenbosch yanadai akili iliyotulia na mwili usiochoka, na pia kwa sababu nauli ya kurudi uwanja wa ndege kutoka Franschhoek inaweza kukubaliwa na dereva yuleyule siku ya kwanza, kwa bei moja ya safari zote. Chupa zinazonunuliwa njiani zifungwe na shamba lenyewe kwenye sanduku la kadibodi lenye vigawanyo, ambalo mengi huuza kwa bei ndogo, na zipakiwe kwenye mzigo wa chini ya ndege.